Duka la Vitabu kwenye Foleni ya Malori

Niliporudi Malaba kutoka Uingereza na diploma yangu ya biashara, wenzangu wote walikuwa wakifungua baa. Mimi nilifungua duka la vitabu, tena lenye mlango wa kioo. Mji mzima haukuwa na mlango mwingine kama huo. Watu walikuja kujitazama nywele.

Kununua, hawakununua. Januari niliuza vitabu vya shule. Februari nikabaki na riwaya na nzi. Mama mwenye nyumba akaja na futi, akaanza kupima ukuta.

"Boss, mwisho wa mwezi nampa huyu wa chipsi. Jiko yake itakaa hapa kwa riwaya."

"Mama, mji bila duka la vitabu ni mji gani?"

"Ni mji iko na chipsi."

Mtu mwingine angefunga virago. Mimi nilitazama nje. Malori ya kwenda Uganda yalikuwa yamepanga foleni hadi nje ya mji, madereva wamelala chini ya trela wakingoja karatasi za forodha. Wasomaji wote hao! Nikatoa benchi, nikafungua riwaya, nikasoma kwa sauti ile iliyowanyamazisha Wazungu darasani. Mume wa kwenye hadithi aliporudi safari na kukuta viatu vya mwanamume mwingine mlangoni, nikafunga kitabu.

"Wee! Viatu ya nani?"

"Jibu liko dukani, bwana."

Madereva waliingia kununua wakisukumana. Tangu hapo nikawa nasoma kila asubuhi.

Siku ya mwisho wa mwezi nilikuwa na riwaya ya bibi harusi aliyesalitiwa. Wakala wa forodha alikuja akipunga karatasi zilizogongwa muhuri. Dereva wake hakugeuka.

"Ngoja kwanza, huyu dada ameshika sumu!"

Honi zikalia nyuma mpaka basi. Katikati ya makelele hayo akatokea mama mwenye nyumba, na mtu wa chipsi amebeba karai. Mama akasimama kidogo, akamsukuma dereva mmoja, akaketi. Nikafunga kitabu.

"Amekunywa?"

"Mama, si leo nahama? Kinunue ujue."

"Ninunue kitu iko kwa nyumba yangu? Utanisomea. Utahama hadithi ikiisha."

"Na mimi?" akauliza mtu wa chipsi.

"Wewe weka karai chini, usikize."

Zilikuwa zimebaki kurasa chache tu. Lakini mtu mwenye diploma hababaiki. Kesho yake bibi harusi akapata dada pacha, ambaye mwandishi mwenyewe hakuwahi kumfikiria.