Kofia ya Mgiriki

Mjukuu wangu wa kike, ambaye ni mwalimu, alinionyesha filamu ya mambo ya wakoloni. Mzungu na mtumishi wake mweusi wanagombana, wanagombana, mwishowe wanakumbatiana na kulia. Akaniuliza, "Babu, hayo yalikuwapo kweli?" Nilikuwa nimechoka, nikamwambia azime. Lakini yalikuwapo. Ila kwetu hakuna aliyemkumbatia mwenzake.

Wakati wa Mwingereza nilikata mkonge karibu na Kilosa. Shule niliigusa tu nikaiacha. Nyumba hii ya matofali nimeijenga kwa mikono yangu, asinidharau mtu. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, na sisi na Wasagara, wenyeji wa huko Kilosa, ni watani. Mtani hukunyang'anya tonge mdomoni, hukutukana mbele ya mkweo, na huruhusiwi kukasirika. Msimamizi wetu, Mgiriki mmoja, alituona tukifanyiana hivyo shambani, akapenda. Siku moja akaja kunisimamia.

"Wewe unakata mkonge kama bibi anachuma mchicha!"

"Na wewe umeiva kama nyanya," nikamjibu. "Nenda kivulini usije ukapasuka."

Wenzangu wakaacha kukata. Yeye akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tukawa watani, kila asubuhi matusi kwanza, kazi baadaye.

Kisha kaka yake akafa kwa homa. Sasa, kwetu mtani ana kazi yake msibani: anazuia maziko mpaka apewe kitu, wafiwa wapate kucheka kidogo. Mke wangu, na mimba yake kubwa, alinikataza.

"Wale ni Wazungu. Watatufukuza kambini, nikazalie wapi?"

Nilimsikia. Lakini niliona nisipokwenda, basi yale ya kila asubuhi yalikuwa matusi tu.

Jeneza lilipofika, nikaruka kaburini nikalala chali.

"Humu nimeshahamia mimi!" nikapiga kelele. "Mgeni akitaka kuingia, nipeni kofia!"

Meneja, Mwingereza, akakaza mkono kwenye fimbo yake. Mgiriki alinitazama kule chini, midomo ikamcheza, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. Akanitupia kofia yake.

"Toka, kupe mkubwa wewe!"

Nikatoka nimeivaa.

Meneja hakucheka. Kesho yake nikafukuzwa. Mgiriki alijaribu kumweleza kwamba ndiyo desturi yetu. Akajibiwa, kama unampenda sana, mfuate. Hakunifuata. Naye alikuwa na kazi yake. Alichofanya ni kutupakia kwenye lori la shamba, mimi, mke wangu na masufuria, akatupeleka Mikumi kwa shemeji yangu.

"Shuka," akasema tulipofika. "Hata lori limechoka kukubeba."

"Rudi upesi, nyanya, jua linapanda."

Akageuza lori, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Siku ukifa, koti hilo ulilovaa ni langu. Nitakuja kulala kaburini mwako mpaka wanipe."

Sikumwona tena. Mtoto alizaliwa salama, nikafyeka pori, nikalima, nikapata. Kofia iliniishia kichwani. Koti lipo sandukuni, mikono yake imeliwa na mende. Wanangu wanataka kulitupa, nawakatalia. Najua atakuwa ameshakufa siku nyingi, kwao au hapa hapa, sijui. Nadhani walimzika kimya kimya, bila mtu wa kuwazuia.