Mohinder Singh na Injini za Umeme za Kent

Mohinder Singh alifika London mwanzoni mwa mwaka 1968 pamoja na mkewe, Parminder, muda mfupi kabla Waingereza hawajawafungia mlango Wahindi wa Afrika Mashariki wenye pasi ya Kiingereza kama yake. Nairobi alikuwa fundi wa injini za moshi kwenye karakana ya reli, kama baba yake. Baada ya uhuru nafasi yake ilipewa mwananchi. Hakulalamika, kwani hakuwa ameomba uraia wa Kenya. Kilichomuuma ni kwamba tangu utotoni alitaka kuendesha injini, na amefika umri wa miaka arobaini bado anazikaza nati tu.

London alipata kazi ya kuosha injini kwenye depo moja kusini ya mto Thames. Hapo ndipo alipozikuta zile za umeme. Zilitengenezwa Doncaster miaka kumi hivi nyuma, ishirini na nne tu, kwa ajili ya njia za Kent, kusini-mashariki ya London. Umeme zilipata kwa reli ya tatu, iliyolazwa kando ya njia. Lakini reli hiyo ilikatika kwenye makutano, na injini yenye mzigo mkubwa ingeweza kukwama papo hapo. Kwa hiyo ndani yake walitia gurudumu zito la chuma lililozunguka muda wote. Umeme ukipotea, mzunguko ule uliivusha injini. Hata ikiwa imesimama, ilivuma. Mohinder akimaliza shifti alikawia, kiganja chake juu ya bati, akausikiliza mvumo ule.

Injini hizo ndizo zilizovuta treni ya usiku kutoka stesheni ya Victoria hadi bandari ya Dover, ambako mabehewa ya kulala yaliingizwa melini, na abiria wakaamkia njia ya Paris. Mohinder alitaka kuivuta treni hiyo. Hakumwambia mtu ila Shaame, Mzanzibari aliyeikimbia Unguja baada ya mapinduzi, na sasa akifagia mabehewa.

"Singasinga we," Shaame alimwambia, "hivi vyombo havina maisha. Kumi wameshavichukua, wamevitia mashine ya dizeli, wamevipeleka njia ya Southampton. Vilobaki navyo unavyona vinakaa tu."

"Vitarudi kazini, bwana. Kazi itakuja."

Kazi haikuja. Mizigo ilikuwa inahamia kwenye malori. Zikaja injini nyingine ndogo, zenye umeme na dizeli pamoja, ambazo ziliingia hata kwenye yadi zisizo na reli ya tatu. Za Mohinder hazikuweza hivyo bila kutundikiwa nyaya juu. Basi zikabaki na vifurushi, magazeti, na ile treni ya usiku.

Mwaka 1973 msimamizi alimwita. Depo moja ya magharibi ilitaka watu wa kufunzwa udereva wa dizeli. Palikuwa karibu na Southall, ambako dada yake Parminder aliishi, gurdwara, hekalu la Masingasinga, ikiwa mtaa wa pili. Parminder, aliyekuwa akifua shuka za hospitali huko Lewisham walikoishi, na hana mtu wa kusema naye kutwa nzima, alianza kufunga vyombo jioni ileile.

"Fungua," Mohinder alimwambia. "Nimekataa."

"Umekataa nini?"

"Dizeli siitaki. Nikingoja hapa watanipa za umeme."

Parminder alikaa juu ya kiti, sufuria mapajani. "Nani kakwambia watakupa?"

Hakuna aliyemwambia.

Alingoja. Waliokuja nyuma yake walipanda vyeo, yeye akabaki na ndoo na brashi, kisha akawa msaidizi wa fundi. Parminder aliondoka kwenda Southall majira ya baridi, kumuuguza dada yake, alisema. Dada alipona. Parminder hakurudi.

Mwishoni mwa 1977 injini zote zilitolewa kazini. Alihitajika mtu wa kukaa ndani ya moja iliyozimwa, ashike breki ya mkono, ikikokotwa kwenda kungojea kukatwa chuma chakavu. Msimamizi akamtuma Mohinder.

Alikaa kwenye kiti cha dereva kwa mara ya kwanza, amevaa kilemba safi. Dizeli ilivuta mbele. Mashamba ya Kent yalipita dirishani, watoto wawili juu ya daraja wakampungia mkono wakidhani ndiye dereva. Naye akawapungia. Ndani kulikuwa kimya kabisa. Walipofika alifunga breki, akashuka, akaambiwa arudi kwa treni ya abiria.

Jumapili iliyofuata alikwenda Southall. Parminder alimfungulia, akamwekea chai na roti.

"Zimekwisha," Mohinder alisema. "Sasa naweza kuhamia huku. Nitaomba ile nafasi."

"Una miaka hamsini, Mohinder. Nani atakufunza udereva sasa?"

"Basi nitakuja hivi hivi."

Parminder alitazama mlango wa jikoni, ambako dada yake alikuwa akipangusa sahani. "Nimeshazoea," alisema kwa upole. "Kunywa chai, inapoa."

Aliinywa yote, akashukuru. Depo ilimhamishia kwenye kuosha treni za abiria, na huko ndiko alikomaliza miaka yake. Shaame alikuwa akimtembelea Lewisham siku za mapumziko. Mara nyingi alimkuta amekaa na koti lake mwilini, taa haijawashwa, kama mtu aliyeingia sasa hivi au anayetaka kutoka, kumbe hana pa kwenda.