Mchungaji Juu ya Punda wa Maji

Mpaka leo nikipita pale baa ya kona hapa Kariobangi najifunika uso na leso, na bado wananiita "Mama Yehu", basi wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wambea.

Tulikuwa tunapokea mchungaji mpya, na askofu alikuwa amesema wazi kwamba akiona hatumtaki atampeleka kwingine siku hiyo hiyo. Mimi nilimtaka sana (ndiye aliyekuja matanga ya mama yangu akiwa bado mwanafunzi, akalia na sisi). Lakini Mzee Njoroge, mzee wa kanisa, akasimama kikaoni akasema kushangilia binadamu ni kuabudu sanamu. Nikafungua Biblia, nikamsomea Sulemani alivyopandishwa nyumbu wa baba yake, tarumbeta zikalia na watu wakashangilia mpaka ardhi ikapasuka, nikamsomea na mfalme Yehu, ambaye wenzake walivua nguo zao wakamtandikia kwenye ngazi. Mzee akaketi. Hapo ningeketi, lakini nilikuwa nimeshawaka, nikasema na sisi tutafanya vivyo hivyo.

Sasa nyumbu Kariobangi utamtoa wapi? Nikamwendea Kamau anayeuza maji kwa mkokoteni, nikamwomba punda wake.

"Mama Nekesa," akaniambia, "huyu anajua kazi moja tu."

Nikamwambia Jumapili atajifunza ya pili.

Basi Jumapili tukatoka stendi na ngoma na tarumbeta, mchungaji juu ya punda, askofu nyuma, Mzee Njoroge kando amekunja mikono. Nikawapa kina mama ishara watandike vitenge. Wakaangalia kando (ni vya Jumapili, na barabara yetu mnaijua), nikatandika changu peke yangu, punda akakikanyaga, akakinyea, akaendelea. Kufika kona, kanisa liko kulia, punda akakata kushoto, tunavuta kamba, waimbaji wanafuata wakiimba tu, mpaka mlango wa nyuma wa baa, pale anapopeleka maji kila asubuhi, akasimama. Nilimsukuma mpaka kilemba kikaanguka. Wapi!

Walevi wakatoka kuona. Mmoja akatutazama, akavua koti lake, akalitandaza chini, na wenzake wakavua yao.

"Shuka, pasta, umefika."

Nilitamani ardhi ya Sulemani ipasuke inimeze. Mchungaji akashuka juu ya yale makoti, akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akiwauliza majina.

Askofu akanigeukia. "Hawa ni washirika wenu?"

Mzee Njoroge akanijibia. "Bado, baba askofu. Lakini huyu mchungaji tuachie."

Nikalia pale pale, nimeshika mkia wa punda.

Kwa hivyo sijaapa kuacha kushangilia, hata kidogo. Siku tukiletewa mchungaji mwingine nitapiga tarumbeta tena, mtake msitake. Ila atakuja kwa miguu yake, na habari ya kutandika nguo nitawaomba mapema wale wa baa.