Mapanga ya Kikundi cha Maombi

Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba ya Kasulo, kikundi cha maombi cha mama yangu kiliupokea kama kilivyopokea kila janga: kwa kufunga, kuomba, kisha kufanya kazi. Kila Jumatano walikwenda kwa mwenzao mmoja, wakaomba ndani, halafu wakaingia shambani kumsaidia kupogolea majani na kukata migomba iliyooza. Baba alipofariki, hao ndio waliotulimia msimu mzima. Kwa hiyo sikuwacheka, ingawa mimi si mtu wa kupiga magoti haraka.

Nilikuwa nikifundisha Biharamulo na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Kila nikirudi nilikuta migomba mingine imegeuka njano. Mama hakuwa na kitu kingine cha kula wala cha kupeleka sokoni, lakini hakulalamika. Aliomba hekima kila asubuhi, hekima tu, mpaka nikaona anamchosha Mungu. Nilikuwa na hasira, nusu kwa ajili yake, nusu na huyo aliyekuwa akiombwa bila kujibu.

Jumamosi moja aliniita nyuma ya jiko.

"Unaona nini hapa?"

"Migomba."

"Na wewe ni mwalimu. Angalia rangi. Hii naipogolea mwenyewe, kwa kisu changu. Inayokufa ni ile wanayoikata wenzangu."

Bwana shamba alikwisha kusema mkutanoni kwamba panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Watu waliitikia, wakaenda zao. Nani angefikiri kwamba ugonjwa unatembea kwenye panga la mtu aliyetoka kuuombea uondoke?

"Nimejibiwa," mama alisema. Hakuonekana kufurahi.

Zamu ya kwetu ilipofika, shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwepo. Mama aliwasha moto penye njia ya kuingilia shambani. Walipomaliza kuomba, akawasihi wapitishe mapanga motoni kwanza. Mwenyekiti wao, aliyelala na mama mkeka mmoja wakati wa msiba wa baba, alisimama akautazama ule moto.

"Mwenzetu, unasema sisi ndio tunaokuletea ugonjwa?"

"Ni mapanga, mama mwenyekiti. Hata langu limo."

"Tumetoka kuomba sasa hivi. Imani yako iko wapi?"

"Imani ninayo. Ila panga halitaingia bila moto."

Waliaga kwa heshima zote, wakaondoka na mapanga yao. Hawakurudi tena.

Mimi na mama tuling'oa migomba iliyougua, tukaifukia. Iliyobaki ikasimama, ikazaa. Mkungu wa kwanza mama alinituma niupeleke kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie mama yako tunashukuru. Chakula tunacho."

Nyuma yake niliona shamba lake, mashina matupu. Niliubeba mkungu nikarudi nao. Nilitaka kusema neno baya juu ya mwanamke yule, lakini mama alininyamazisha kwa mkono, akakaa chini karibu na sufuria.

"Niliomba nione," alisema. "Sikujua kwamba nitaona peke yangu."

Kisha akaanza kumenya ndizi, na akamenya nyingi kuliko watu wawili wanavyoweza kula.