Zamu Yangu ya Kusukuma

Siku ile tulikuwa wanne: mimi Odette, mwenye miaka kumi na minne, mdogo wangu Désiré, wa miaka sita, Tata Kabeya, yaani Baba Kabeya, jirani yetu wa mtaa wa Musonoi mjini Kolwezi, na mke wake, Mama Ngalula. Vijana wa kizuizi cha barabarani siwahesabu, kwa kuwa majina yao sikuyajua.

Nikisikia harufu ya majani makavu yaliyopigwa na jua, narudi barabarani. Mipira ya ndani ilikuwa haipatikani tena, kwa hiyo tulijaza majani katika matairi ya baiskeli, au kinga kama tunavyoiita kwetu, na joto likizidi yalinuka kama yanataka kuungua.

Baba na mama walikuwa wamekufa, shule nilikuwa nimeiacha, na nyumbani wadogo zangu wengine wawili walikuwa wamelala bila kula. Nilikuwa nakwenda vijijini, ng'ambo ya vilima, kubadilisha cherehani ya mama kwa mahindi. Tata Kabeya yeye alikuwa anafukuzwa. Watu wenye asili ya jimbo la Kasai walikuwa wameambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa Kolwezi kama yeye. Stesheni ya mji ilijaa watu waliolala juu ya mizigo yao, naye akaamua kwenda kungojea treni Tenke. Tangu mama afe, chungu cha Mama Ngalula ndicho kilichotulisha. Tukaondoka pamoja asubuhi na mapema.

Wasukuma kinga wa kwetu wana desturi yao. Mkifika kwenye mlima mkali, wawili hupandisha kinga moja, mmoja usukani, mwingine nyuma, kisha wote hushuka kuifuata ya pili. Aliyetangulia kusaidiwa hasemi asante. Anashuka tu.

Kwenye kilima kirefu kuliko vyote, Tata Kabeya akasema yangu ianze. Mama Ngalula akabaki bondeni kulinda ya kwao, yenye godoro na masufuria. Akamwambia Désiré, "Sukuma na weye, mwanaume. Usimuachie dada kazi yote." Désiré akasukuma hewa mpaka juu, akihema kutushinda sote.

Juu tukakuta gogo limelazwa barabarani, na vijana watano wamelikalia.

"We mutoto, cherehani ni ya nani?" mmoja aliniuliza.

"Ya mama."

"Na uyu mutu wa Kasai, ni tata yako?"

Kabla sijafungua mdomo Tata Kabeya akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Tata yake wapi? Mi simujue uyu mutoto. Nilimusukumia anipe chumvi, na chumvi yenyewe hajanipa. Batoto ba leo."

Vijana wakacheka naye. Mimi nikageuka nishuke, maana zamu ya kinga yake ilikuwa imefika.

"Unanifuata nini?" akasema kwa ukali. "Enda zako."

Nilidhani ametuchoka. Nilidhani yatima tumemzidi uzito, na sasa amepata pa kututua. Vijana waliponipisha, nikafunga tawi nyuma ya kinga ili likokotwe na kutupunguzia mwendo, nikateremka upande wa pili bila kugeuka. Désiré aliuliza kwa nini Tata Kabeya hatufuati. Nikamwambia anyamaze. Aliuliza mpaka akasinzia juu ya cherehani.

Mahindi niliyapata, na wadogo zangu walikula. Nilipopita pale kesho yake nikirudi nyumbani, vijana hawakuwepo. Bondeni kulikuwa na godoro lililochanwa, pamba yake imeshika kwenye miiba. Nililitazama, na bado nilikuwa na hasira naye.

Ni muuza makala, yaani mkaa, mmoja aliyeniambia, majuma baadaye, kwamba kwenye gogo lile wenyeji kama mimi waliowasindikiza watu wa Kasai walipigwa na kunyang'anywa kinga zao na kila kilichokuwa juu yake. Aliyasema hivi hivi tu, huku akinipimia makala. Nilikaa chini pale pale, na yeye akadhani ni njaa.

Kama Tata Kabeya na mke wake walifika Tenke, sijui. Nimeuliza wasafiri wa treni mpaka wananikwepa. Wadogo zangu wamekua, wana watoto wao, na hakuna anayejua kwamba mahindi yale yalipatikana kwa sababu mtu alikubali kuchukiwa na mtoto aliyemlisha.

Kinga yangu aliifikisha juu. Ya kwake sijaisukuma.