Omba Limiti Mwezi Ukiwa Mkubwa

Ipo siku moja, mwanangu Akoth, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Niliamka hapa hapa Sindo, nikavaa kitenge kipya ambacho fundi alikuwa bado ananidai, nikamshika mama yako mkono, tukaenda ofisi ya sacco kuomba niongezewe limiti.

Unacheka? Cheka tu. Jana uliponipigia kutoka dukani kwako Migori ukaniambia, "Mama mkubwa, limiti ya kadi yangu ni ndogo sana, nataka waniongezee, uje uniwekee sahihi," nilinyamaza hadi ukadhani netiweki imepotea. Haikuwa netiweki. Niliikumbuka siku ile. Ndiyo maana leo nakurekodia sauti hii. Mama yako yupo hapa kando yangu anachambua njugu, na ameshaniambia nisikuchoshe na maneno mengi. Nitakuchosha, kwa sababu jambo hili linakuhusu wewe, na hujawahi kuambiwa.

Kadi za wakati wetu hazikuwa hizi za plastiki mnazochomeka kwenye mashine. Zilikuwa karatasi ngumu ya kijani, na karani aliandika juu yake limiti yako, yaani kiasi unachoweza kuchukua bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi wauza omena, hao dagaa wa ziwani, tulizitunza kuliko picha za harusi. Mitumbwi ikifika asubuhi unakwenda kwa karani, unachukua, unanunua, unaanika, unauza, halafu kila wiki unarudisha kidogo kidogo. Ukitaka limiti iongezwe, unaleta mdhamini. Akiba yake inafungwa kwa ajili yako, hawezi kuigusa hadi umalize kulipa, na ukishindwa, imekwenda na maji.

Mdhamini wangu alikuwa mama yako. Watu wa mji huu, walipojua kuwa sisi ni wake wa mume mmoja, walikaa wakingoja tupigane wapate cha kusimulia. Mpaka leo wangali wanangoja. Mama yako Auma alikuja bomani hapa akiwa msichana mwembamba wa maneno machache. Mimi ndiye niliyemwonyesha pa kuanika na watu wa kutowakopesha, na ulipozaliwa wewe, mikono hii ndiyo iliyokupokea. Basi nilipomwambia, "Nyieka, mke mwenzangu, nisimamie pale sacco," alisema "Sawa" hata sijamaliza. Sikumwuliza kitu. Kwani mtu akikupa chai, unamwuliza majani kayatoa wapi?

Ulikuwa wakati wa giza. Mji umekusahaulisha mambo haya, wacha nikukumbushe. Omena hufuata taa za wavuvi usiku usio na mwezi, na giza likiwa nene, mitumbwi hurudi imelemewa. Majuma hayo nilikuwa nikipeleka magunia hadi Kegonga kwa Wakuria, na hakuna gunia lililorudi. Kichwa kikavimba. Nikaona mimi na limiti ndogo tumeachana, sasa nataka ya mtu mzima.

Mwenyekiti wa kamati ya mikopo alikuwa mama mmoja mzee tuliyemwita Min Nereah, naye aliuza omena tangu ujana wake. Alikitazama kitenge changu. Akamtazama mama yako, tena kwa muda. Kisha akaniambia, "Nyathina, mwanangu, rudi mwezi ukiwa mkubwa."

"Kwa nini, Mama? Barua yangu ya kuomba ina kasoro?"

"Barua ni nzuri. Rudi mwezi ukiwa mkubwa."

Wololo! Hasira niliyotoka nayo pale, hata mbwa walinipisha. Njia nzima nilisema ni wivu tu, kikongwe hataki kuona mwanamke mwingine akiinuka. Mama yako alitembea kimya. Anasema sasa hivi kwamba hakuwa kimya, aliniambia niangalie jiwe njiani nisijikwae. Haya, tumesikia.

Lakini mwezi haumngoji mtu. Ulikua, ukakomaa, ukamwaga mwanga ziwani hadi omena haikujali tena taa ya mvuvi yeyote. Mitumbwi ikalala ufuoni. Nyavu za kuanikia zikabaki tupu, kuku wakitembea juu yake. Niliuza kilichobaki, tukala kilichobaki, nikaanza kupita njia ya nyuma ili mwenye duka asinione. Kurudi sacco? Ningerudi na uso gani?

Basi mchana mmoja nikamwona Min Nereah anaingia langoni na mwavuli wake. Akaketi, akanisalimu vizuri, akaomba chai. Mwanangu, nyumbani hapakuwa na maziwa wala sukari. Nilimpa hiyo chai kavu huku nimeinamisha macho, nikitamani ardhi ipasuke. Aliinywa yote polepole, bila kukunja uso.

Kisha akasema, "Huyu ndiye niliyemtaka. Yule mwenye kitenge kipya alikuja wakati wa giza, na wakati wa giza kila mtu hapa ni tajiri. Huyu asiye na sukari ndiye atakayelipa deni wiki za mwezi mkubwa. Sasa nijibu wewe: unaweza kurudisha ngapi?"

Machozi yalinitoka. Nikamtajia kiasi, kidogo cha kuchekesha, lakini hakucheka. "Hicho ndicho utakachoomba," akasema, "nasi tutakupa." Alipoinuka, akageuka tena. "Na huyo anayekudhamini. Ulimwuliza akiba yake ni ya kazi gani?"

"Hapana, Mama."

"Mwulize." Akafungua mwavuli wake, akaenda zake.

Nilimkuta mama yako nyuma ya nyumba anafua. Nikamwuliza. Alicheka kwanza, akasema ni vitu vidogo vidogo tu. Nikamkazia macho. Ndipo akatazama uwanjani. Na wewe ulikuwa pale, mtoto mdogo, unafukuza kuku huku ukiuburuta huo mguu wa kushoto uliozaliwa nao umepinda. Daktari alikuwa amemwambia unyooshwe mapema, kabla mifupa haijakomaa.

"Auma! Unafunga akiba ya mguu wa mtoto kwa ajili ya omena zangu?"

"Si ungelipa," akasema. "Mimi nakujua."

Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni nikalia kama niliyefiwa. Angenipa, Akoth. Angenipa bila kunung'unika, nami ningeshindwa kulipa mwezi ule ule, akiba yake ingekwenda, na wewe ungeburuta mguu huo hadi leo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakutuambia kwamba harusi inaweza kuwa kwako na matanga yakawa kwa mwenzako.

Sikumchukua tena kuwa mdhamini. Kwa limiti ile ndogo, akiba yangu mwenyewe ilitosha kunisimamia. Nawe ulipelekwa hospitali, mama yako mbele amekubeba, mimi nyuma na kapu la ndizi, ukarudi na plasta ambayo uliichorachora kwa makaa mpaka daktari akakugombeza. Biashara ya Kegonga iliendelea, taratibu. Haikunikimbia.

Sasa nisikie vizuri, mwanangu. Sikukatazi kuomba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kadi yenye limiti nzuri imewasaidia wengi. Ila usiende kuomba Desemba, duka lako likiwa limejaa watu wanaotaka vitenge vya sikukuu. Mwezi wako mkubwa ni Januari, wazazi wote wakikimbizana na karo. Keti dukani siku ambayo hakuna aliyeingia hata kuuliza bei, ujiulize siku hiyo unaweza kurudisha ngapi, na hicho ndicho uombe. Na yeyote unayetaka akusimamie, mwulize akiba yake ni ya nini. Akisema "sawa" haraka, huyo ndiye wa kuulizwa zaidi, maana anayekupenda atakupa hata kile asichoweza kukikosa.

Kwa hiyo kabla sijaweka sahihi, niulize mimi.

Au nikuambie tu. Akiba yangu ni ya paa la mama yako. Linavuja juu ya kitanda chake, mvua ikinyesha anasukuma kitanda ukutani na asubuhi anatuambia amelala vizuri. Sikuwa nimemwambia kwamba namwekea. Sasa amesikia. Njugu ameziacha, ananitazama tu, na mimi sitamtazama kwa sababu tutalia wote wawili na simu ni ya kuazima.

Ukiujua ukweli huo, na Januari ukaona bado unaweza kulipa, njoo. Nitavaa kitenge changu cha zamani, nitakushika mkono, tutaenda.

Nyasaye, Mungu wetu, akutangulie, mwanangu. Mguu huo ukupeleke kwenye heri na ukurudishe kwetu. Giza likujazie nyavu, na mwezi ukiwa mkubwa, ukukute na sukari nyumbani.