Swali Moja kwa Crispin

Joachim Kihwele, fundi seremala wa Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, alifariki Jumanne alfajiri. Jua lilikuwa halijapanda vizuri, na tayari mkewe Apolonia alikuwa na jambo moja tu moyoni: Crispin aje amzike baba yake.

Crispin ni mtoto wao wa kwanza. Miaka saba iliyopita aliacha seminari, mwaka mmoja kabla ya kupewa upadre, wakati ambapo baba yake alikwisha kuanza kuchonga kiti atakachokalia mwanawe siku ya misa ya shukrani. Joachim hakumpiga wala hakumtukana. Alisimama mlangoni, majirani wakisikia, akasema, "Usikanyage hapa mpaka nife." Crispin akachukua begi lake akashuka hadi barabara kuu. Tangu siku hiyo hakupatikana kwenye simu.

Sasa Joachim amekufa. Kwa Apolonia sharti lilikuwa limetimia, na kilichobaki ni kumfikishia mtoto habari.

Fununu ilikuwepo. Utingo mmoja wa malori aliwahi kumwambia kwamba alimwona Crispin Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, amekonda lakini mzima. Na wachimbaji wa huko, Apolonia alisikia, siku hizi wanatumia Thibiti.

Thibiti ni kitambulisho cha kwenye simu. Mchimbaji akipeleka dhahabu yake, kinamthibitishia mnunuzi kwamba ni mwanachama halali wa ushirika wa wachimbaji na ametimiza umri, bila kutaja jina wala mahali anapolala, kwa sababu machimboni wezi humfuata mtu wanayemjua. Kinachotunzwa ni alama tu, kwenye blokcheni: nakala zile zile zinakaa katika kompyuta nyingi kwa pamoja, zimefungamana, hakuna mtu anayeweza kuzibadilisha peke yake. Majina hayamo, mpaka mwenyewe aamue kuyafungua. Ufunguo anao mwenye simu.

Wakala wa Thibiti mjini Iringa ni Dhaval, kijana anayeuza simu katika duka alilofungua babu yake enzi za kuuza vitenge. Apolonia alipanda kwake siku hiyo hiyo, na nakala ya kitambulisho cha zamani cha Crispin ndani ya pochi. Dhaval alimpa pole, akamwekea kiti, akamweleza taratibu. Namba ya kitambulisho kile ingegeuzwa kuwa msimbo. Ombi lingemfikia mwenye msimbo huo popote alipo. Na yeye ndiye angeamua kujibu au kunyamaza. Anaishi wapi, atakuja au la, hayo mfumo hauwezi kumlazimisha mtu kuyasema.

"Uliza kidogo, mama," alisema. "Ukiuliza mengi, mtu anaogopa."

Apolonia akauliza moja: Je, wewe ni mtoto wa Joachim Kihwele? Chini yake Dhaval akaandika kwamba mzee amefariki, mazishi ni Alhamisi, nyumbani Ipogolo.

Jibu lilifika kwenye simu yake jioni, Apolonia akiwa amekaa mkekani chini ya turubai. Alama ya kijani: imethibitishwa kwa kidole cha mwenyewe, muda huo huo. Yu hai, na hajamkana baba yake. Apolonia aliangua kilio, na wanawake waliomzunguka wakamshika mabega wakidhani ni kilio kile kile cha asubuhi.

Alhamisi ilifika, Crispin hakufika. Jeneza lilikuwa tayari, padre alikuwa tayari. Apolonia akaomba mazishi yaahirishwe. Katika ukoo wao udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza, na njia ya kutoka Chunya ni ndefu. Huenda gari limeharibika njiani, Igawa. Sosthenes, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja kuchuchumaa mbele yake.

"Shemeji, watu wamechoka. Tunamngoja nani?"

"Crispin. Amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kwamba ni mtoto wa Joachim."

"Hilo hata mimi nalijua, wala sikuuliza simu. Amesema anakuja?"

"Mtu akikubali kwamba ni mtoto, si anakuja kuzika? Kuna kingine?"

Sosthenes aliinuka akarudi upande wa wanaume. Katika nyumba zao hajawahi kutokea mtu akasema ni mwana, kisha akabaki alipo. Yusta, binti yao mdogo, alimnong'oneza mama yake kwamba kesho padre anaondoka kwenda vigangoni, makanisa madogo ya vijijini, na hatarudi mpaka wiki ijayo. Apolonia akasema wangoje mpaka Jumamosi.

Wakangoja. Kila basi lililosimama barabara kuu likitokea Mbeya, aliinua kichwa.

Jumamosi mchana katekista aliongoza sala. Joachim, ambaye mabenchi ya kanisa lile aliyatengeneza yote bila kudai ujira, alishushwa kaburini bila misa. Ilipofika zamu ya udongo Sosthenes alimtazama shemeji yake, akasubiri, kisha akamwita Yusta.

Jumatatu Apolonia alipanda tena mjini. Alitaka kutuma ombi lingine. Dhaval alijaribu, halafu akamwambia ukweli: mwenye msimbo amefunga, hapokei tena chochote kutoka kwa mama yake.

"Wewe huwezi kumwona, mwanangu? Hata uniambie tu yuko upande gani."

"Siwezi, mama. Imetengenezwa ili mtu kama mimi asiweze."

"Akifa, itaniambia?"

"Hapana."

Apolonia aliikunja ile nakala, akairudisha kwenye pochi. Hakulia. Aliuliza kama na yeye anaweza kusajiliwa, ili Crispin siku akitaka kujua kama mama yake bado yupo, apate jibu. Dhaval alisema inawezekana. Ilibidi wajaribu vidole kadhaa, maana jembe lilikwisha kufuta alama za vingi. Mwishowe kimoja kikasoma.

Kisha akamsomea yanayoweza kufichwa: jina, umri, kijiji, namba ya simu, ndugu. Wateja wake wote yeye huwashauri wafunge kila kitu, wafungue siku ya shida tu.

"Tufunge yapi, mama?"

"Usifunge hata moja."

Dhaval akaanza kufungua, moja baada ya lingine.